Shaba Iliyofundishwa Kuimba

Tarehe 19 Juni 1825 wakubwa wa Paris walijaa katika Théâtre-Italien kutazama opera mpya ya Rossini. Mfalme Charles wa Kumi alikuwa ametawazwa majuma matatu nyuma katika mji wa Reims, na opera hiyo, Il viaggio a Reims, ilitungwa kwa ajili ya sherehe zake. Rossini hakufanya ubahili. Alipanga jukwaani karibu waimbaji wote mashuhuri wa jumba lile: Giuditta Pasta, Laure Cinti, Domenico Donzelli. Sehemu ya Libenskof, jenerali wa Kirusi anayesumbuliwa na wivu, ilimwangukia tenori wa Kiitalia aliyeitwa Marco Bordogni.

Opera ile haikudumu. Baada ya maonyesho machache Rossini aliiondoa, akachukua sehemu kubwa ya muziki wake na kuutia katika opera nyingine, Le comte Ory, iliyotoka mwaka 1828. Kurasa zilizosalia zilitawanyika, na Il viaggio a Reims haikurudi jukwaani katika sura yake ya awali hadi mwaka 1984, mjini Pesaro. Kwa miaka 159, basi, sehemu ya Bordogni ilikuwa kama haijaimbwa. Lakini jina lake halikupotea. Limebaki midomoni, tena kwa maana halisi ya neno, mwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kusomea uimbaji: wapulizaji wa tromboni, wa yufoniamu na wa tuba.

Bordogni alizaliwa mwaka 1789 huko Gazzaniga, karibu na Bergamo, kaskazini mwa Italia. Alisoma kwa Simon Mayr, mwalimu yuleyule aliyemlea Donizetti. Mwaka 1813 aliimba Tancredi ya Rossini mjini Milano, na mwaka 1819 akahamia Paris. Mwaka uliofuata alipewa darasa la uimbaji katika Conservatoire, chuo cha muziki cha taifa. Jukwaani alistaafu mwaka 1833. Darasani aliendelea, kwa kutoka na kurudi, mpaka karibu na kifo chake mwaka 1856. Laure Cinti, aliyeimba naye usiku ule wa 1825, alikuwa mwanafunzi wake. Sophie Cruvelli naye alipita mikononi mwake, yule ambaye mwaka 1855 alikuwa wa kwanza kuimba sehemu ya Hélène katika Les vêpres siciliennes ya Verdi.

Kwa wanafunzi wa namna hiyo Bordogni aliandika vokalizi, yaani nyimbo zisizo na maneno. Mwimbaji huziimba kwa irabu tupu, au kwa do re mi, huku piano ikimshikilia chini. Ukimwondolea mwimbaji maneno umemnyang'anya maficho yake. Hana shairi la kuwatoa watu machozi, wala kisa cha kuwasahaulisha makosa ya koo. Anabaki na pumzi, na namna noti moja inavyoikabidhi nyingine sauti bila kuiangusha njiani. Waitalia huita uimbaji huo bel canto, uimbaji mzuri, na vokalizi za Bordogni ni bel canto iliyovuliwa mavazi ya jukwaani. Sauti inapanda kwa hatua, inakaa kileleni kidogo, inajipamba kwa noti mbili tatu za haraka, inashuka. Walimu wengine waliandika mazoezi makavu ya kunyoosha koo. Haya ya Bordogni ni muziki ambao mtu angeweza kuusikiliza hata asipojua kwamba ni zoezi, na mimi naona hiyo ndiyo sababu yamevumilia kurudiwa kila siku kwa karibu karne mbili.

Tuwaache waimbaji kwa muda, turudi nyuma. Inasimuliwa kwamba mnamo mwaka 1590, katika mji wa Auxerre nchini Ufaransa, kasisi mmoja aitwaye Edme Guillaume alibuni chombo kirefu cha mbao kilichopindapinda kama nyoka, kilichofunikwa kwa ngozi, na kupulizwa kwa kikombe kama tarumbeta. Kiliitwa serpenti. Kazi yake haikuwa vita wala mbio za farasi. Kilisimama kando ya waimbaji wa kanisa na kuitegemeza besi yao isishuke. Serpenti ni babu wa tuba, nayo tuba yenyewe ilisajiliwa hatimiliki na Wieprecht na Moritz mjini Berlin mwaka 1835. Tromboni nayo ilitumika hivyo kwa vizazi katika makanisa ya Venice, Salzburg na Vienna, ikiifuata kwaya noti kwa noti. Kwa hiyo anayesema kwamba ala nzito za shaba zilizaliwa kwa ajili ya kelele hajaisoma historia yake.

Kuna kisa kimoja kuhusu Beethoven ninachokipenda kuliko vyote katika habari hii. Majira ya vuli ya mwaka 1812 alikuwa Linz kwa ndugu yake. Franz Xaver Glöggl, mkuu wa muziki katika kanisa kuu la mji huo, alimwomba vipande vya kupulizwa siku ya Marehemu Wote. Beethoven aliandika vitatu, vifupi, kwa tromboni nne tu. Miaka 15 baadaye, tarehe 29 Machi 1827, maiti yake mwenyewe ilipokuwa ikisindikizwa katika mitaa ya Vienna, vipande viwili kati ya hivyo vilisikika tena. Safari hii Ignaz von Seyfried alikuwa ameweka chini ya noti zake maneno ya zaburi ya toba, Miserere, na kwaya ya wanaume ikapokezana na tromboni. Muziki wa shaba ulikuwa umegeuka wimbo wa vinywa, na inaelekea haukuhitaji kufanyiwa mengi, kwa kuwa tangu mwanzo uliandikwa kama sauti nne za watu.

Conservatoire ilifungua darasa la tromboni mwaka 1836 na kumpa Antoine Dieppo. Kwa miaka 20, basi, mwalimu wa tromboni na mwalimu wa vokalizi walifanya kazi katika chuo kimoja. Miaka minne baada ya darasa hilo kuanza, serikali ya Ufaransa iliadhimisha mwaka wa kumi wa mapinduzi ya Julai kwa kuwahamishia waliouawa chini ya nguzo mpya katika uwanja wa Bastille. Hector Berlioz alipewa kazi ya kuandaa muziki, akatembea na bendi ya watu wapatao 200 huku akiongoza kwa upanga. Katikati ya simfonia yake ya maziko kuna sehemu iitwayo hotuba ya mazishi, na mhutubu si kasisi wala mwanasiasa. Ni tromboni moja, iliyoandikiwa Dieppo. Tena muziki huo Berlioz hakuubuni upya. Aliuchukua kutoka katika wimbo wa opera yake ambayo haikukamilika, Les francs-juges. Alipohitaji sauti ya mtu inayoweza kusikika barabarani mbele ya umati, alimpokonya mwimbaji wimbo akampa mpuliza tromboni.

Sasa tumfikie aliyeyaunganisha hayo yote, ambaye hata wapulizaji wengi wanamjua kwa jina la ukoo tu. Joannès Rochut alizaliwa Paris mwaka 1881, akasoma tromboni Conservatoire kwa Louis Allard, aliyelishika darasa hilo kuanzia 1888 hadi 1925. Mwaka huo wa 1925 Rochut alivuka bahari kwenda Marekani kuwa mpulizaji wa kwanza wa tromboni katika Boston Symphony, okestra iliyokuwa chini ya Serge Koussevitzky. Alikaa huko miaka mitano tu, akarudi Ufaransa mwaka 1930, na kufariki mwaka 1952. Angeweza kusahaulika kama wachezaji wengi wazuri wa okestra wanavyosahaulika siku wanapokabidhi kiti. Lakini mwaka 1928 kampuni ya Carl Fischer ya New York ilichapa kazi yake katika vitabu vitatu: mazoezi 120 yaliyochaguliwa kutoka katika vokalizi za Bordogni, yakashushwa hadi kimo cha tromboni, yakatiwa alama za kuunganisha sauti, na kupangwa kutoka mepesi hadi magumu. Kitabu cha kwanza peke yake kina 60.

Jambo moja silielewi kwa Rochut, nalo ni kuiondoa piano. Bordogni alimwekea mwimbaji mwenzake wa chini, na sauti ya piano ndiyo inayokuambia kama noti yako ni ya kupumzika au ya kuvuta. Ukipuliza peke yako chumbani unaweza kuuimba wimbo mzima bila kujua kwamba uliegemea mahali pasipostahili. Matoleo ya baadaye yamemrudisha mpiga piano, na yeyote mwenye nafasi ya kumpata asimkose.

Huko Marekani, na kwingineko walikofuata, watu hawasemi wanafanya vokalizi za Bordogni. Wanasema wanafanya "Rochut". Mwanafunzi huulizwa amefika Rochut namba ngapi, na kwenye majaribio ya kuingia vyuoni huitwa apulize mojawapo. Mwimbaji wa Paris amemezwa na jina la aliyemnakili. Giuseppe Concone, mwalimu mwingine wa uimbaji wa enzi ileile, naye amepatwa na bahati hiyo ya kupulizwa zaidi ya kuimbwa, ila yeye angalau amebaki na jina lake.

Kwa nini watu wa shaba walikimbilia kwenye mazoezi ya koo? Jibu liko katika umbo la chombo. Tromboni ya kawaida ni bomba la takriban mita 2.7, na sehemu yake moja huteleza. Mkono wa kulia huisukuma mbele na kuirudisha, ikipita vituo 7, na kila kituo kinaishusha sauti nusu toni. Vituo hivyo havina alama yoyote; sikio ndilo linalovipata. Sasa jaribu kuvumisha do halafu re kwa mdomo uliofumbwa. Sauti imevuka bila mshono na wewe hukufanya lolote. Mpuliza tromboni akitaka kufanya vivyo hivyo, mkono wake una safari ya kwenda, na safari hiyo ina sauti. Akiendelea kupuliza mkono ukiwa njiani, tutasikia noti inaburutwa kama kiti kwenye sakafu ya saruji. Akiikata pumzi ili kuificha safari, wimbo unakatika vipandevipande. Njia iliyobaki ni nyembamba sana. Pumzi isisimame hata kidogo, mkono usiondoke mapema lakini ufike upesi, na ulimi uguse kwa wepesi kama mtu anayesema "da" au "la" badala ya "ta". Kuna noti chache ambazo midomo inaweza kuzivuka yenyewe bila msaada wa ulimi, na kazi ya miaka ni kuzifanya zile nyingine zisitofautike na hizo.

Zoezi la mbio za vidole au la mapigo ya ulimi halikufundishi hili, kwa sababu linaisifu noti yenyewe. Vokalizi inakulazimisha kusikiliza kilichomo kati ya noti na noti. Ndiyo maana walimu wengi wa tromboni humwambia mwanafunzi aweke chombo chini kwanza na kuuimba ukurasa wote, hata kama sauti yake ni ya chura. Asiyeweza kuuimba hajui bado anataka kupuliza nini. Baadaye wimbo uleule husomwa kana kwamba umeandikwa kwa ufunguo wa tenori, ukapanda. Halafu oktava moja chini, ukashuka mpaka mahali ambapo midomo inalegea na pumzi inakwisha kama maji kwenye pipa lililotoboka.

Watu wa tuba huanzia huko chini. Wao wana vali, kwa hiyo hawana taabu ya mkono kuteleza, lakini taabu yao ni kubwa zaidi na iko kifuani. Tuba ya si bemoli ina bomba la mita tano na nusu hivi, na noti za chini zinakula hewa bila huruma. Kifungu ambacho tenori angekiimba kwa pumzi moja kinaweza kumwishia mwenye tuba nusu ya njia. Hawezi kudanganya, atavuta pumzi. Swali ni wapi, na jibu ni lile la mwimbaji: pale ambapo sentensi ingekuwa na koma. Chester Roberts aliwaandalia kitabu chao cha vokalizi 43 za Bordogni, na wengi wao huzitumia pia za Rochut moja kwa moja, oktava chini.

Mtu aliyeieneza kuliko wote fikra hii ya kuimba kwa shaba katika Marekani ya karne iliyopita ni, nadhani, Emory Remington, aliyefundisha tromboni katika Eastman School of Music mjini Rochester kuanzia 1922 hadi alipofariki 1971. Remington alikuwa ameimba katika kwaya ya kanisa akiwa mtoto. Darasani alikuwa akiimba pamoja na mwanafunzi anapopuliza, na mazoezi yake ya asubuhi, yanayotumika bado, ni noti ndefu zinazopokezana polepole bila pigo. Wanafunzi wake walimwita Mkuu.

Chicago alikuwako Arnold Jacobs, mpuliza tuba wa Chicago Symphony kuanzia 1944 hadi 1988. Wanamuziki walitoka mbali kwenda kujifunza kwake, na si wa tuba peke yao. Alikuwa amesoma sana jinsi mapafu yanavyofanya kazi, na chumba chake cha kufundishia kilikuwa na vipimo vya hewa ungedhani ni zahanati. Hata hivyo fundisho lake lote aliliita kwa maneno mawili, wimbo na upepo, na wimbo ulitangulia. Aliona wapulizaji wengi wanaharibikiwa kwa kuwaza misuli: tumbo likae hivi, midomo ibanwe vile. Yeye aliwataka wawe na sauti wanayoitaka, ikilia wazi kichwani, wakapulize, na mwili ungejipanga wenyewe. Na huyu mwalimu wa pumzi alikuwa na mapafu yenye maradhi. Pengine ndiyo sababu aliyachunguza.

Deni la shaba kwa waimbaji lililipwa pia, tena kwa njia ambayo Bordogni asingeiota. Mwezi Januari 1940 kijana Frank Sinatra alijiunga na bendi ya Tommy Dorsey, mpuliza tromboni aliyesifika kwa nyimbo za taratibu zilizokwenda mbali bila kukatika. Sinatra alisimulia baadaye kwamba alikuwa akikaa nyuma yake jukwaani kumchungulia anapumulia wapi, asione hata koti linanyanyuka. Ikaja kugunduliwa kwamba Dorsey aliiba hewa kidogo kidogo kwa pembe ya mdomo. Sinatra alianza kuogelea chini ya maji ili kurefusha pumzi yake, na ile namna yake ya kuunganisha mstari mmoja wa wimbo na unaofuata, pale ambapo waimbaji wengine walikata, alisema aliitoa kwenye tromboni. Shaba iliyokuwa imefundishwa na tenori sasa ilikuwa inamfundisha mwimbaji.

Mwaka huohuo Bordogni alipofariki, 1856, alizaliwa Ujerumani Johannes Kuhlo, ambaye alikuja kuwa mchungaji huko Bethel na kiongozi wa vikundi vya shaba vya makanisa ya Kilutheri. Kuhlo hakuwa na habari za opera. Alichotaka ni kwamba ala za shaba ziupulize utenzi kama kwaya inavyouimba, sauti nne, kwa ulaini, na zisome noti zilezile wanazosoma waimbaji na mpiga kinanda. Misheni ya Bethel ilifanya kazi Usambara na Bukoba, ile ya Leipzig Kilimanjaro, na desturi ya Wajerumani ya kupuliza tenzi ilikuja pamoja na misheni hizo. Ndiyo maana katika sharika za KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, hadi leo kikundi hicho hakiitwi bendi. Kinaitwa kwaya ya tarumbeta. Wapulizaji wake hugawana sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne kama waimbaji, tromboni ikishika ya tatu au ya nne, na tuba ikikaa chini ya wote.

Jumapili utakapowakuta wanatangulia utenzi, usiwatazame wa tarumbeta walio mbele. Mtafute yule aliyekumbatia tuba nyuma, ufuate ubeti pamoja naye kimoyomoyo, uone anavuta pumzi kwenye neno gani.